Kilomita Tisini na Sita

Doña Adelfa Rentas, bibi mwenye shamba, alikutwa kifudifudi kwenye sakafu ya kuanikia kahawa, kandambili moja mguuni, nyingine hatua tatu nyuma yake. Damu ilikuwa imeshaanza kukauka juu ya punje. Aliyemkuta ni Eladio Cintrón, kibarua wake kwa miaka thelathini. Polisi wa kwanza walipofika walimkuta Eladio amempakata marehemu, shati limelowa damu.

Kwa polisi wa kwanza hilo lilitosha. Wakamfunga pingu.

Inspekta Nereida Quiles alifika Jumamosi hiyo, saa saba na nusu mchana. Alipanda ngazi za zege kutoka barabarani akipumzika mara mbili. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, magoti mabovu, na siku kumi na moja tu kabla ya kustaafu. Simu ya kumwita ilipoingia ndiyo kwanza alikuwa amekaa mbele ya sahani ya wali wa mbaazi. Aliusukuma pembeni akajua fika kwamba leo hali tena.

"Pigo moja, kisogoni," daktari wa uchunguzi alimwambia. "Kitu cha chuma, chembamba, kizito. Kati ya saa tatu na saa tano asubuhi."

"Chuma chenyewe?"

"Hatujakiona."

Sajenti Bonet, msaidizi wake, alikuwa na kesi nzima kichwani tayari. Eladio alikuwa peke yake shambani. Eladio aligombana na bibi huyo siku ya Alhamisi, na jirani wa ng'ambo ya bonde aliwasikia. Eladio ana damu kwenye shati. Bonet alihesabu kwa vidole, na vidole vilikuwa bado vimebaki. Kijana mzuri, lakini alikuwa na haraka ya watu ambao hawajawahi kumfunga mtu asiye na hatia.

Mkazi mwingine wa nyumba ile alikuwa mmoja tu: Gamaliel Rentas, mtoto wa kaka wa marehemu, miaka thelathini na minne. Huyo alikuwa ametumwa mjini Ponce tangu asubuhi kutafuta mkanda wa mashine ya kumenya kahawa. Alirudi saa tisa na pikapu, akaona magari ya polisi, akakaa chini palepale barabarani akalia. Kilio chake kilikuwa cha kweli. Nereida alikuwa ameona vilio vingi na alikijua cha uongo kilivyo.

Kisha, bado machozi yakimtoka, Gamaliel akaingiza mkono mfuko wa shati akamkabidhi risiti mbili za kituo cha mafuta. Hakuna aliyemwomba.

"Nilijaza tanki saa mbili na dakika ishirini wakati wa kwenda," alisema. "Na nikajaza tena saa nane na dakika arobaini wakati wa kurudi. Pampu ileile. Ndivyo shangazi anavyotaka."

Nereida akazitia kwenye bahasha.

Jioni mwendesha mashtaka akapiga simu. Eladio afikishwe mbele ya jaji Jumatatu saa mbili asubuhi kwa kosa la mauaji. Nereida alijaribu kusema kwamba duka la mikanda la Ponce, ambalo Gamaliel alidai halikuwa na mkanda, limeshafungwa na linafunguliwa Jumatatu saa tatu. Mwendesha mashtaka akamwuliza kama ana kingine cha maana. Hakuwa nacho.

Eladio alikuwa na miaka sitini na saba. Mtu wa umri huo akiingia gerezani kwa mauaji hatoki kwa miguu yake. Nereida alilijua hilo, na lilimuudhi kwamba analijua, kwa sababu bila hilo angekwenda kulala.

Jumapili asubuhi umeme ulikuwa umekatika kituoni. Feni zimenyamaza, jasho linatiririka. Eladio aliletwa kutoka mahabusu, akakaa mikono juu ya mapaja.

"Alhamisi mligombania nini?"

"Petroli."

"Ulimwibia?"

"Hapana, doña."

"Sasa?"

"Alisema gari limekula sana. Nikasema sijalipeleka popote. Akasema basi petroli imeota mbawa."

"Ukakasirika."

"Nilikasirika. Nikaenda kulisha kuku."

"Jumamosi asubuhi ulikuwa wapi?"

"Shamba la chini. Nilipanda nyumbani saa sita kuja kula, nikamkuta."

Alijibu alichoulizwa, basi. Hakuongeza hata chembe. Watu wa aina hiyo huwasumbua polisi kuliko waongo, maana ukisahau kuuliza, umekosa. Alipoulizwa habari za petroli ndipo aliposema maneno kumi mfululizo: bibi alikuwa na daftari, liko kwenye droo ya jikoni, limefungwa, na ufunguo anao shingoni.

Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa vielelezo. Nereida, Bonet nyuma yake, alipanda tena zile ngazi, akaapa ni mara ya mwisho, akafungua droo.

Sasa, mtu asiye wa hapa atashangaa. Sisi kisiwani kwetu barabara tunaipima kwa kilomita. Ukimuuliza mtu wa milimani anakaa wapi atakuambia Barabara ya 10, kilomita thelathini na moja na nukta nne. Lakini vibao vya mwendo ni vya maili, na gari lenyewe linahesabu maili. Petroli tunauziwa kwa lita, na ulaji wa gari tunautaja kwa maili kwa galoni, kwa sababu magari yanatoka Marekani na ndivyo yanavyotangazwa. Usiniulize nani alipanga hivyo. Tumezaliwa tukakuta.

Pikapu ya Doña Adelfa ilikufa mita ya umbali miaka sita iliyopita na hakuitengeneza. Dereva alisoma vibao vya kilomita barabarani, akirudi anamtajia bibi kilomita alizokwenda na kumpa risiti ya lita. Mengine yote bibi aliyafanya mwenyewe, jikoni, mlango umefungwa. Kilomita aligawa kwa 1.609 akapata maili. Lita aligawa kwa 3.785 akapata galoni. Kisha maili kwa galoni. Marehemu mumewe aliliona lile gari likitangazwa kuwa linakwenda maili kumi na tano kwa galoni, kwa hiyo kumi na tano ikawa sheria ya nyumba. Ikishuka, dereva aliitwa.

"Kumtumikia huyu mama kulikuwa na kazi," Bonet alisema akifunua kurasa. "Mimi mke wangu akinipima hivi nahamia kwa mama yangu."

"Mama yako hatakupokea. Nipe penseli."

Nereida hakuwa mtu wa hesabu. Shuleni alipita kwa huruma ya mtawa mmoja. Lakini alikuwa amechoka, na akichoka hufanya mambo polepole, moja baada ya jingine, bila kuruka.

Kutoka kituo cha mafuta hadi lile duka la Ponce ni kilomita arobaini na nane. Kwenda na kurudi, tisini na sita. Hiyo aliiona mwenyewe kwenye vibao. Alikuwa ameipita njia hiyo miaka yote. Risiti ya Gamaliel ya kurudi ilisema lita 24.2.

Kilomita tisini na sita ni maili sitini, upungufu kidogo. Kwa maili kumi na tano kwa galoni, gari lilipaswa kunywa galoni nne. Lita kumi na tano.

"Lita tisa zimezidi," alisema.

Bonet akasogeza kiti. Yeye alikuwa mwepesi. Akaikokotoa kwa simu: lita 24.2 ni galoni 6.4, na kwa gari hili galoni 6.4 zinakufikisha maili tisini na sita, yaani kilomita mia moja hamsini na nne. "Amekwenda mbali zaidi, afande. Kilomita hamsini na nane za ziada. Ana mwanamke mahali. Hilo si kosa la jinai."

"Umesema maili ngapi?"

"Tisini na sita."

"Na njia ni kilomita ngapi?"

Bonet akaitazama tena namba kwenye simu.

Nereida akaweka penseli chini. Alihisi uchovu mkubwa, ule unaomjia mtu akishajua na bado ana kazi ya kuthibitisha. Gari halijui namba ya vibao vya barabarani. Likiendeshwa milimani linakula linavyotaka, leo hivi, kesho vile. Haiwezekani likanywa petroli ya maili tisini na sita, kamili, siku ileile mtu anayosema amekwenda kilomita tisini na sita. Namba hiyo haikutoka kwenye injini. Ilitoka kwenye kichwa cha mtu aliyekaa mahali akagawa tisini na sita kwa kumi na tano, akapata galoni 6.4, akazigeuza lita, na akasahau kwamba tisini na sita zake zilikuwa kilomita.

"Lakini galoni na lita mbona amezipatia?" Bonet aliuliza.

"Kwa sababu kila dumu la maziwa nchini humu limeandikwa galoni moja, lita tatu nukta saba nane. Hiyo hata mtoto anaijua. Kilomita kuwa maili, nani anakufundisha? Nyumbani kwao ilikuwa kazi ya shangazi."

Hakuhitaji kumaliza. Bonet alikuwa ameshasimama.

"Gari halikwenda Ponce," alisema.

"Halikwenda. Tanki lilikuwa limejaa, na alitaka risiti ya safari. Kwa hiyo alilipunguza kwa kunyonya petroli kwa mpira wa maji. Petroli hiyo haimwagwi ovyo, harufu yake ingetuita. Katafute palipojificha gari. Karibu na kwao, asingethubutu kupita mjini."

Bonet alirudi saa nane mchana, viatu vimejaa matope. Kwenye migomba nyuma ya nyumba iliyohamwa tangu kimbunga, penye kibao cha kilomita thelathini na tatu, kulikuwa na alama za matairi na madumu mawili ya maji yaliyotiwa petroli, yamefunikwa majani makavu. Aliyapima mbele ya shahidi. Lita ishirini na nne na kidogo.

Gamaliel alikuja kituoni mwenyewe, bila wakili. Alisomewa haki zake, ya kukaa kimya na nyingine zote, akasema anazielewa. Alikuwa amenyoa ndevu kwa ajili ya mazishi.

"Jumamosi ulikwenda wapi?" Nereida alianza.

"Nimeshasema. Ponce."

"Ponce tu?"

"Ponce tu."

"Lita ishirini na nne, Gamaliel. Kwa gari lile hizo ni kilomita mia moja hamsini na nne. Umezidisha hamsini na nane. Ulizipeleka wapi?"

Akapapasa kidevu alichonyoa. Nereida alimwacha. Alimwonea huruma kidogo, maana alijua atakachojibu na alijua kitamfikisha wapi.

"Nilipita Yauco," Gamaliel alisema mwishowe. "Kuna mwanamke. Sikutaka shangazi ajue."

"Jina lake?"

"Ni mke wa mtu."

"Uliondoka Ponce saa ngapi?"

"Kama saa nne na nusu."

"Na gari lilikula vizuri njia nzima?"

"Vizuri."

"Basi nieleze jambo moja." Akamsogezea picha ya madumu mawili kwenye migomba. "Kama lita ishirini na nne zilichomeka ukienda Yauco, hizi lita ishirini na nne ni za nani?"

Gamaliel aliitazama picha. Hakushtuka. Mabega yalimshuka tu, na uso ukapata kitu cha kufanana na nafuu.

"Nilikosea wapi?" aliuliza.

"Hukugeuza kilomita."

"Hizo alikuwa anageuza yeye," alisema.

Kisha akaeleza, na Nereida akaandika. Alijaza tanki, akakumbuka amesahau mkanda wa zamani wa kuonyesha dukani. Akarudi shambani. Alikuwa nyuma ya gari anatengeneza nafasi ya kuweka mkanda, mkononi ameshika spana ya magurudumu aliyoiondoa, aliposikia shangazi anaita kutoka kwenye sakafu ya kahawa: Gamaliel, njoo hapa, nina neno kuhusu petroli.

"Neno kuhusu petroli," alirudia. "Miaka mitano, inspekta. Baada ya kimbunga wenzangu wote waliondoka, Orlando, Chicago. Mchumba wangu aliondoka. Mimi nikabaki, kwa sababu mama huyu hana mtu na paa limeezuliwa. Nililijenga lile paa kwa mikono hii. Unajua alichoniambia nilipomaliza? Kwamba misumari niliyokwenda kununua imekula kumi na tatu na nusu kwa galoni, na nimepita wapi."

"Ukamfuata."

"Nikamfuata. Alikuwa amenipa mgongo, anageuza kahawa kwa mguu. Akasema, nimepiga hesabu. Hakumaliza. Sikutaka amalize. Wiki tatu mfululizo alikuwa ananiambia kumi na tatu, kumi na mbili na nusu, kwa jicho lile. Mwizi. Hajawahi kulitamka, inspekta, lakini kila Jumamosi alilipigia hesabu."

"Spana iko wapi?"

"Mtoni, chini ya daraja la kilomita thelathini na tatu."

"Na Eladio? Ungemwacha afungwe?"

Gamaliel akafunika uso. Alisema Jumamosi hakumfikiria Eladio hata mara moja, alifikiria risiti tu. Kisha akasema usiku wa kuamkia leo alimfikiria usiku kucha. Yote mawili Nereida aliyaandika, kwa sababu yote mawili aliyaamini.

Mwendesha mashtaka alipopigiwa simu alisema ahsante bila furaha. Saa kumi na moja Eladio alifunguliwa. Walimrudishia mkanda wa suruali, kofia na kisu chake cha kukatia ndizi. Nereida alimtoa hadi mlangoni mwenyewe. Alidhani anastahili angalau hilo. Akamwambia ni nani, na kwa nini, kwa maneno machache.

Eladio aliivaa kofia, akaivua tena.

"Alimwambia?" aliuliza.

"Nani amwambie nani?"

"Bibi. Alimwambia Gamaliel habari ya filta?"

Nereida akasimama. "Filta gani, Don Eladio?"

"Ya hewa, ya pikapu. Jumamosi asubuhi, Gamaliel alipoteremka kujaza mafuta, nilimpelekea bibi ile ya zamani mkononi. Nilikuwa nimeitoa Ijumaa jioni, nikafunga nyingine niliyoazima kwa jirani. Imeziba, vumbi tupu, injini ilikuwa haipumui. Wiki tatu hizo ndiyo maana. Akaigeuza, akaigeuza. Akasema, Eladio, nimewaonea. Akasema kwako nimeshakosa, lakini yule mtoto nimemwonea miaka, akirudi tu nitamwita nimwombe radhi." Akaangalia kofia yake. "Nikaenda shamba la chini. Nilifurahi, doña. Bibi hakuwahi kumwomba mtu radhi."

"Kwa nini hukusema jana? Leo asubuhi?"

"Mliniuliza kuhusu Alhamisi, na Jumamosi nilikuwa wapi."

Nereida alibaki ameshika mlango. Nje mtu alikuwa anapiga honi kumwita Eladio. Mpwa wake alikuja kumchukua. Mzee akaenda, taratibu, bila kuangalia nyuma.

Bonet alikuwa mezani anaweka saini za mwisho. Alimtazama mara moja akasimama. Nereida alimwambia kuna maelezo ya ziada ya shahidi, yataingia kwenye jalada, na yatasomwa mahakamani mbele ya watu wote.

"Nenda nyumbani, afande," Bonet alisema kwa upole. "Kesho Gamaliel nitamwambia mimi. Au wakili wake."

Alitamani sana kwenda nyumbani. Miguu ilikuwa imevimba hadi kamba za viatu zinamkata. Lakini mtu hawezi kulisikia jambo kama hilo kizimbani, kutoka kwa karani. Akavuta kiti kimoja, akakiburuta kwenye ujia hadi mlango wa mahabusu, akamwambia askari wa zamu afungue.

Gamaliel alinyanyua kichwa.

"Bado kuna swali?" aliuliza.

"Hapana, mwanangu," Nereida alisema, akakaa. "Shangazi yako alikuwa na neno hakulimaliza."